Kicheko cha Pili

Leontine Frilot alicheka mara moja tu. Alikuwa na hakika na hilo kama alivyokuwa na hakika na vidole vya mkono wake, kwa hiyo aliposikia santuri ikicheka mara mbili, aliinua sindano, akairudisha nyuma kidogo, akasikiliza upya.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Septemba ya mwaka hamsini na tisa, katika duka la Bwana Alcide Guidroz pale Pointe Mouton, mji mdogo wa mashamba ya mpunga jirani na Texas. Upande wa mbele duka lilitengeneza redio, upande wa nyuma lilirekodi muziki. Maboksi mapya yalikuwa yamefika kutoka kiwandani, na kazi ya Leontine ilikuwa kuchomoa santuri moja katika kila boksi na kuijaribu kabla hazijapelekwa kwenye mabaa na kumbi za dansi, kwenye yale masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Wimbo wenyewe ulikuwa wake. Msichana anamtuma chura wa shamba la mpunga akamwambie mpenzi wake kwamba amechoka kumngoja. Chura anaenda, anarudi na jibu la kipuuzi. Gita linanyamaza, na msichana anacheka.

Ha! Kifupi, cha mtu aliyeshtukizwa.

Halafu, pale ambapo ngoma ilitakiwa kuingia, kikaja kingine. Sauti ileile, ila hiki kilikuwa karibu zaidi, na kabla yake ilisikika pumzi ikivutwa taratibu, kama mtu anayejiandaa.

"Bwana Alcide," aliita. "Hizi zimeharibika."

Bwana Alcide alitoka nyuma na bisibisi mkononi. Alisikiliza hadi mwisho huku akitikisa kichwa kwa mdundo.

"Zimeharibika wapi?"

"Ninacheka mara mbili."

"Ndiyo. Unacheka mara mbili."

"Nilicheka mara moja. Nelus aliangusha kijiti, mimi nikacheka, wewe ukakataa kukifuta. Basi."

"Binti, parokia saba, wilaya saba nzima, zinanunua wimbo huu kwa sababu ya vicheko viwili. Watoto wanaviigiza njiani wakienda shule. Sasa unataka nikamwambie nani kwamba kimoja si chako?"

Leontine alimuuliza Nelus, mpiga drams, binamu yake, aliyekuwepo siku ile na ambaye kijiti chake ndicho kilianguka.

"Viwili," Nelus alisema. "Tangu lini umesahau kuhesabu? Au umaarufu umekupanda kichwani?"

"Umaarufu gani? Umaarufu ni wa Dottie Vane."

"Heh! Kumbe unajionea wivu mwenyewe."

Leontine hakucheka. Alirudi kwenye maboksi, akaijaribu santuri ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilicheka mara mbili. Alipofika ya tano aligundua kwamba hakuwa ameogopa, na hilo ndilo lililomfanya akae chini.

Jina hilo la Dottie Vane lilizaliwa mwezi wa Mei, siku hiyohiyo waliyorekodi. Studio kubwa za mjini zilikuwa na mashine za kutia mwangwi. Bwana Alcide alikuwa na tangi. Lilikuwa tangi la zamani la maji ya mvua, la matofali, nusu yake imezama ardhini nyuma ya duka, kavu tangu kabla hajainunua ile nyumba. Aliweka spika upande mmoja na maikrofoni upande wa pili, akafunika mdomo wa tangi kwa mbao. Mtu akiimba studioni, sauti yake inapitishwa kwa waya hadi ndani ya tangi, inazunguka gizani humo, kisha inarudi kwenye kanda ikiwa imenenepa. Wanamuziki wote walilipenda tangi lile. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini wenye nyumba wa kwanza waliacha kunywa maji yake.

Wimbo ulipokwisha, Bwana Alcide alikaa na kalamu kuandika maneno ya lebo.

"Leontine Frilot," alisema, akilitafuna kama mfupa. "Nani atalitamka hili kule Texas?"

"Mama yangu hulitamka vizuri tu."

"Mama yako hana kituo cha redio." Aliandika, akafuta, akaandika tena. "Dottie Vane. Hilo ni jina! Halina kwao, halina kanisa, halina rangi. Redio haina macho, Leontine. Tusiwe sisi wa kuipa."

"Na huyo Dottie Vane ni nani?"

"Hakuna mtu. Ndiyo uzuri wake."

Kulikuwa na maneno aliyotakiwa kusema pale. Aliyajua, na usiku huo kitandani aliyapanga vizuri, moja baada ya jingine, kwa hoja na kwa mifano, kama mtu anayemtetea mwingine mahakamani. Angesema kwamba koo ni lake na mapafu ni yake. Angesema kwamba watu weupe watakaocheza wimbo wake Jumamosi ndio haohao wasioweza kumwuzia soda kupitia mlango wa mbele. Lakini studioni, kalamu ilipokuwa bado hewani, alisema tu, "Sawa, Bwana Alcide."

Kuanzia Juni, kila siku saa sita mchana, redio ilitoa kipindi cha maombi ya wasikilizaji. Wavuna mpunga walipiga simu, wauguzi walipiga simu, wanafunzi walituma kadi. Mtangazaji alikuwa na mtindo wake wa kupaza sauti: "Dottie Vane! Dottie Vane, popote ulipo, watu wako wanakuita!" Aliita hivyo mara kumi na tano, mara ishirini kwa siku, na watoto barabarani wakamjibu kwa kuita vilevile.

"Mtu akiitwa hivyo," Nelus alisema siku moja, mdomo umejaa soseji ya wali, "hata kama hayupo, atakuja."

Siku tatu baada ya kusikia kicheko cha pili, Leontine alijimiminia kahawa ya moto mkononi. Hakuisikia. Alitazama ngozi ikibadilika rangi, ikiinuka na kufanya lengelenge, akashangaa kwamba mkono ule ulikuwa wa mtu anayemfahamu. Mama yake, Eunola, alipiga kelele, akaukamata na kuusukuma kwenye ndoo ya maji.

"Wewe! Huumii?"

"Siumii, mama."

"Usinitanie, Leo."

"Nasema kweli. Ni kama ganzi. Limeanza vidoleni, sasa limefika hapa." Alionyesha kiwiko. Jumapili lilifika begani. Chakula kikakosa ladha. Kanisani alipokea komunyo na hakujua kama ameimeza.

Kisha simu zikaanza dukani.

Ya kwanza ilitoka kwa mwenye ukumbi wa dansi wa watu weupe, kusini kule kwenye vinamasi. "Alcide, mwambie yule msichana wako ahsante. Alitushtukiza Jumamosi. Aliimba ule wimbo mara nne! Mweupe kama karatasi, nywele kama mahindi. Lakini mwambie ajikaushe kwanza. Gauni lake la manjano lilikuwa limelowa kwenye pindo, sakafu yangu yote imeharibika."

Ya pili ilitoka kwa katekista wa parokia ya Wakrioli, watu weusi wa damu mchanganyiko kama akina Leontine, upande wa kaskazini, Jumamosi ileile. "Bwana Guidroz, yule Dottie Vane kumbe ni mtoto wetu! Rangi ya asali, kama binti wa dada yangu kabisa. Tumefurahi sana. Ila gauni lake la manjano lilikuwa limelowa, maskini, na alikuwa na harufu ya... sijui nisemeje. Harufu ya shamba, siku maji ya mpunga yanapofunguliwa."

Bwana Alcide aliweka simu chini, akamgeukia Leontine kwa uso uliochangamka.

"Mjanja wewe. Umeanza kujitangaza bila kuniambia?"

"Jumamosi nilikuwa nyumbani napiga pasi. Muulize mama."

"Basi nani?"

"Wewe ndiye uliyempa jina," Leontine alisema. "Wewe ndiye unayetakiwa kumjua."

Bwana Alcide alicheka, lakini jioni ile alipigilia misumari miwili zaidi kwenye mbao za tangi, na hakumweleza mtu sababu.

Nyumbani, Leontine alilazimika kumwita mama yake mara tatu ndipo ageuke. Wiki iliyofuata mara tano. "Usinong'one," mama alimwambia, "nina masikio mazee," ilhali Leontine alikuwa akipaza sauti hadi mishipa ya shingo inamsimama. Mwenye duka la mkate alimhudumia mtu wa nyuma yake kwanza, kisha mtu wa nyuma ya huyo. Angepaswa kukasirika. Alikumbuka hasira ilivyokuwa zamani, jinsi ilivyopanda kifuani kama maziwa yanayochemka, akaitafuta humo ndani kwa utulivu, kama mtu anayetafuta funguo, na hakuipata.

Jumanne moja alasiri, Bwana Alcide aliita bendi kurekodi wimbo wa pili. Wenye masanduku ya muziki walikuwa wanaudai, na redio vilevile. Wimbo ulihusu mbu wa Jumapili, na kwenye karatasi ulikuwa na ubeti mmoja tu. "Wa pili nitauandika wakati mnajaribu vyombo," alisema. Aliwasha mashine, akainua kidole.

Leontine aliimba. Alijisikia akiimba, ndani ya fuvu lake, lakini aliona Nelus akimkodolea macho, mpiga gita akiacha kupiga, na mshale wa kupimia sauti pale kwenye mashine umelala chini bila kutikisika.

"Imba basi, binti," Bwana Alcide alisema.

"Ninaimba."

"Anasemaje?" mpiga gita aliuliza.

Kwanza ilikuja harufu, harufu ya shamba la mpunga siku maji yanapofunguliwa na samaki wadogo wanabaki wakitapatapa kwenye tope, ikapanda kupitia nyufa za sakafu, ikatulia kwenye magunia yaliyotundikwa ukutani kuzuia kelele, kisha mshale ukanyanyuka wenyewe, polepole, na kutoka kwenye waya wa tangi, ambako sauti hurudi tu na kamwe haianzii, ikaanza sauti ya Leontine, nzima, nono, tamu kuliko ilivyowahi kuwa kooni mwake, ikauimba ubeti wa kwanza bila gita, bila ngoma, ikapumzika, ikavuta pumzi taratibu, ikaanza ubeti wa pili ambao hakuna mkono uliokuwa umeuandika, ubeti uliotaja pazia la buluu la jikoni kwa Mama Eunola, ukataja kitanda kilicho karibu na dirisha, ukasema mto wa kitanda hicho una shimo la ukubwa wa kichwa kimoja, ukasema kichwa kinakuja, kinakuja kukauka. Halafu ikacheka.

Nelus aliruka juu ya drams zake na kutoka nje. Mpiga gita alimfuata na gita likiburuza waya.

Bwana Alcide hakutoka. Alikuwa amefunga macho, jasho linamtiririka mashavuni, mkono wake umesimama juu ya swichi ya kanda. Haukushuka.

"Zima," Leontine alimwambia. "Zima, Bwana Alcide."

Kama alimsikia, hakuonyesha. "Ijumaa," alinong'ona peke yake. "Ijumaa inaenda kiwandani."

Mama Ozite alikuwa mama wa ubatizo wa Leontine; ndiye aliyemshika mikononi kando ya maji ya ubatizo na kumjibia Padre. Alikuwa pia mganga wa sala. Alitibu maumivu ya kichwa yaletwayo na jua, vidonda vya mdomoni, watoto wanaolia bila sababu, kwa maneno ya siri aliyorithi na uzi wenye mafundo. Nelus ndiye aliyemleta, kwa sababu Leontine hakuona haja.

Mama Ozite alimkalisha jikoni, akamchoma kidole kwa sindano. Damu haikutoka mara moja. Ilifikiria kwanza.

"Dada Ozite, ni nini hiki?" Eunola aliuliza. Alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kwa mikono yote miwili.

"Jini," Mama Ozite alisema. "Lilikuwa linakaa pale tangini, na lingeendelea kukaa. Halikuwa na jina, Eunola, na kitu kisicho na jina hakina mlango wa kutokea. Mjinga mmoja akatengeneza jina lisilo na mtu. Akalirushia sauti ya mtoto wetu humo ndani, kisha parokia saba zikaanza kuliita. Kila siku, saa sita. Wewe ungeitwa hivyo, usingeitika?"

"Na mwanangu?"

"Sauti imeshachukuliwa. Hisia zinafuata. Kila likiitwa linachota kidogo kutoka kwake, ndiyo ganzi hilo. Wimbo wa pili ukitoka, halitamhitaji tena. Litakuja kukaa mahali pake."

"Mahali gani?"

Mama Ozite alitazama pazia la buluu. "Hapa, kwako."

Eunola alianza kulia bila sauti. Leontine aliyaona machozi yakidondokea mkono wake mwenyewe, yakichora mistari, na akajua kwa akili kwamba ni ya moto.

"Kuna njia," Mama Ozite alisema. "Mama yake atasimama kwenye mdomo wa tangi. Ataita jina la ubatizo, zima, mara moja tu. Leontine atasimama nyuma yake, na ataitika yeye, kabla hicho kitu hakijaitika. Atakayetangulia ndiye mwenye sauti, ndiye mwenye nyumba. Hakuna mara ya pili. Binti yangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Utaitika nini?"

"Niko hapa, mama."

"Sema tena."

"Niko hapa, mama."

"Twende usiku?" Nelus aliuliza, akijaribu kutabasamu.

"Usiku ni wa kwao. Twende mchana, bosi wako akienda kula."

Alhamisi, saa sita kasoro dakika chache, Nelus alifungua duka kwa ufunguo wake, akazima spika ya mlangoni ambayo kutwa nzima ilimwaga redio barabarani. Akachomoa na waya, kwa usalama. Akang'oa misumari ya mbao za tangi kwa nyundo. Walipoinua ubao wa mwisho, harufu ilitoka kama mtu anayewapita. Ndani hamkuonekana kitu zaidi ya spika, maikrofoni, na sakafu kavu. Jua lilikuwa kali. Kivuli cha Eunola kilikuwa kimejikunja chini ya miguu yake.

Mama Ozite alifunga uzi wenye mafundo tisa kwenye kifundo cha mkono wa Leontine, akaanza kusali kwa midomo tu. Kisha akamgusa Eunola bega.

Eunola alipiga magoti, akaingiza kichwa mdomoni mwa tangi, akaita kwa sauti ambayo Leontine hakuwa ameisikia tangu utotoni, ile ya kumwita kutoka mashambani mvua inapokaribia.

"Leontine Marie Frilot!"

Jina lilizunguka ndani ya matofali. Leontine alilisikia likija kwake, akalitambua, akafungua mdomo. Na wakati uleule, barabarani, gari lilipita polepole madirisha yote yakiwa wazi, na dirisha la jirani lilikuwa wazi, na la jirani yake, maana ilikuwa saa sita na Pointe Mouton nzima ilikuwa inakula na redio zake mezani, na kutoka kila upande mtangazaji akapaza sauti, "Dottie Vane! Dottie Vane, popote ulipo, watu wako wanakuita!" na Leontine, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amesikia moto wala chumvi wala machozi ya mama yake, alisikia kitu kikimruka kifuani, kitu chenye joto, kikubwa, kitamu, furaha ya mtu anayetakwa na parokia saba, na kabla hajafikiri, akaligeuzia jina hilo uso.

"Niko hapa," alisema. Alisema kuelekea barabarani.

"Niko hapa, mama," lilisema tangi.

"Mungu wangu!" Eunola alilia kwa furaha. "Nelus, nisaidie, yumo humu, ameangukia humu! Shika mkono wake!"

"Eunola, usimguse!" Mama Ozite alipaza sauti.

Lakini mama gani angeambiwa hivyo akasikia. Mkono ulikuwa umeshatokea kwenye ukingo, mkono wa kahawia wenye kovu jipya la kahawa, na Eunola alikuwa ameshaushika. Eunola na Nelus wakamvuta nje mwenye mkono huo. Alikuwa amevaa gauni la kazi la buluu, la Leontine. Alikuwa mkavu. Kwenye kifundo chake palikuwa na uzi wenye mafundo tisa. Alimkumbatia Eunola, akalia kwa kwikwi shingoni mwake, na Eunola akamfunika kwa shali yake ya mabega na kumwongoza njiani, akimbusu kichwa kila hatua, bila kugeuka nyuma hata mara moja.

Leontine alitazama chini. Gauni lake lilikuwa la manjano. Pindo lilikuwa limelowa, na maji yalikuwa yakitengeneza duara vumbini.

Nelus alimwona, akavua kofia. "Samahani, bibie," alisema, macho yake yakihangaika. "Duka limefungwa. Bosi atarudi saa saba." Akaondoka haraka kuwafuata wenzake, kama kijana mweusi yeyote anavyoondoka anapojikuta karibu na binti mweupe nyuma ya ukuta.

Mama Ozite tu ndiye aliyebaki. Alimkaribia, akamnusa, akamshika kidevu.

"Umeitika lipi?" aliuliza.

Leontine aligeuza macho barabarani.

"Nilikuambia mara moja tu." Sauti ya mwanamke yule haikuwa na ukali. Alikuwa akijifunga kilemba. "Mimi nakwenda kwa Eunola. Nitahamia pale. Mtu lazima alale chumba kimoja na hicho kitu, usiku na mchana, kuanzia leo mpaka mmoja wetu afe."

"Na mimi?"

Mama Ozite alimtazama kwa muda mrefu. Kisha, kidogo kidogo, macho yake yakaanza kutomjua. Leontine aliyaona yakifanya hivyo. Yakapepesa, yakahama kutoka usoni kwake, yakashuka.

"Samahani, bibie," Mama Ozite alisema, na akapita.

Leontine alitembea hadi nyumbani. Njiani watu walimpisha. Mwenye duka la mkate alitoka nje na kumwinulia kofia, watoto wakamfuata wakicheka ule wimbo. Alipanda ngazi zile tatu, akabisha kwenye mlango wa wavu. Jikoni vitunguu vilikuwa vinakaangwa.

Mama alikuja akijifuta mikono kwa aproni. Alipomwona, alisimama wima.

"Mama," Leontine alisema. Sauti ilitoka nzuri mno, nono, yenye mwangwi.

Macho ya mama yalishuka. Miaka yote Leontine alikuwa ameyaona macho hayo yakishuka, mbele ya wake wa wenye mashamba, mbele ya karani wa posta, mbele ya msichana mweupe wa miaka kumi na sita aliyeuza kofia. Kila mara alikuwa amesimama pembeni, ameshikwa mkono, akitetemeka kwa hasira kwa niaba ya wote wawili. Hakuwahi kuyaona kutoka upande huu.

"Tunashukuru kwa kutujia, bibie," mama alisema. "Tunaupenda sana wimbo wako. Binti yangu huuimba kutwa."

"Nani huyo, mama?" sauti iliuliza kutoka jikoni. Kisha, "Ai! Mchuzi umeniunguza ulimi!" na kicheko cha raha.

"Ni yule mwimbaji wa redioni."

"Mkaribishe ale."

"We mtoto," mama alisema kwa aibu, akitazama sakafu. "Watu kama huyu hawali kwetu."

Alibaki amesimama hivyo, mkono mmoja juu ya komeo, macho chini, akingoja ruhusa ya kufunga mlango wake mwenyewe.

Leontine akampa.